Aliyeosha Fuvu la Tisa

Ukoo wetu una majina manane ya wazee waliowekwa chini ya mwamba. Mafuvu yaliyokutwa pale baada ya mvua kubomoa mlima yalikuwa tisa.

Polisi walihesabu mara mbili. Kisha wakamleta babu mdogo, yaani mdogo wake babu yangu mzaa baba, ambaye ndiye mtu pekee aliyebaki anayeyajua majina yote kwa mpangilio. Aliyataja mbele ya mkaguzi wa polisi akikunja kidole kwa kila jina, kuanzia yule aliyefika kwanza mlimani. Alipomaliza la nane aliiacha mikono yake ilivyo, vidole viwili vimenyooka. Mkaguzi akavitazama.

"Na huyu wa mwisho, mzee?"

"Huyo hayumo."

"Hayumo vipi, na yuko hapa?"

"Yuko hapa," babu alisema. "Lakini hayumo."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao kwenye tope, upande wa nje wa utepe wa polisi. Nilikuwa nimepanda kutoka Same mjini kama ndugu, lakini sitakataa kwamba nilipanda pia kama mtu mwenye mswada wa riwaya uliokwama.

Kabla ya hapo nilikuwa mwandishi wa habari kwa miaka mingi. Nilituma habari za bei ya tangawizi, tembo walioingia mashambani kutoka hifadhini, malori yaliyopinduka kwenye barabara kuu. Nilipoacha kazi nikaanza kuandika riwaya yangu ya kwanza. Ilikuwa ya upelelezi, nzito na ya giza: wapelelezi wawili, barabara kuu, na muuaji wa mfululizo anayeokota abiria waliokosa basi. Nilijua barabara hiyo kilomita kwa kilomita. Wauaji sikuwajua, ila niliwahi kuripoti kesi zao nikiwa nimekaa benchi la nyuma mahakamani.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa jirani, mpelelezi mstaafu. Ni mzee wa Kiislamu, wa familia ya wafanyabiashara wa siku nyingi hapo mjini, na miwani yake ameifunga kwa uzi. Nilimpelekea sura tatu. Alizisoma kibarazani kwake huku akijipepea kwa zile alizokwisha kuzimaliza.

"Shikamoo, mzee. Umeonaje?"

"Marahaba. Huyu muuaji wako anafanya kazi gani mchana?"

"Sijaandika bado."

"Andika. Maana naona ana nafasi sana. Anaua, anapanga maiti, anaacha alama, anampigia simu mpelelezi. Mimi nilikuwa kazini miaka yote ile, sikuwahi kukutana na muuaji aliyekuwa na nafasi namna hiyo. Wa kwangu walikuwa wanawahi shamba."

"Ni riwaya, mzee."

"Nimeona. Na huyu mpelelezi wako hamwamkii mtu. Anaingia kwa mzee wa Kipare, hajavua kofia, anauliza swali. Atajibiwa na mbwa."

Nilirekebisha salamu. Nafasi ya muuaji ilinishinda, na hapo ndipo kazi ilipokwama.

Mvua za mwaka huo zilikuwa nyingi. Kijiji cha baba yangu kiko juu, upande wa Chome, na barabara ya kufika huko ni mbaya hata wakati wa kiangazi. Ardhi iliporomoka sehemu kadhaa. Kwenye mojawapo, greda lilikuwa linasukuma tope kutoka barabarani, dereva akainua macho na kuona mafuvu yamepangwa mstari chini ya mwamba, yote yakimtazama. Aliliacha greda likiunguruma akakimbia. Jioni hiyohiyo makundi ya WhatsApp ya Same yalikuwa yameshamaliza uchunguzi: kuna muuaji milimani, anakusanya vichwa. Mkaguzi wa polisi alikuwa kijana, mgeni katika wilaya, ametoka kanda ya ziwa, na kwa siku ya kwanza hata yeye alilitamka neno hilo, muuaji wa mfululizo. Mhariri wa riwaya yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam.

"Hii ni zawadi," alisema. "Umeipata bure."

Ilibidi wazee wamweleze mkaguzi mambo ambayo sisi hatukuwahi kuelezwa, kwa sababu tulizaliwa yakiwa yanajulikana. Zamani, mzee wa ukoo alipofariki alizikwa kama watu wengine. Muda wa kutosha ukipita, kaburi lilifunguliwa, kichwa kikatolewa, kikaoshwa, kikapelekwa chini ya mwamba ndani ya msitu mdogo wa ukoo, ambao mpaka leo hakuna anayekata mti humo. Kwetu sisi kiliwekwa juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, uso ukielekea mashamba. Kazi ya kuosha ilikuwa ya mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa. Desturi ilikoma watu walipobatizwa. Lakini namna ya kuosha iliendelea kufundishwa, ili siku mwamba ukibomoka awepo mtu anayeweza kuwarudisha wazee mahali pao.

Mtaalamu wa mifupa aliyekuja na polisi alikubaliana na maelezo hayo kwa mafuvu manane. Yalikuwa ya zamani sana, mepesi, mengine yameanza kumomonyoka. La tisa lilikuwa zito zaidi. Lilikuwa na taya la chini, na kwenye taya meno, na meno yalikuwa ya kahawia. Lilikaa ardhini kwanza, alisema, kwenye udongo mwekundu ambao si wa pale mwambani, halafu likatolewa na kusafishwa. Nalo lilikuwa juu ya kigae, na uso wake ulielekea mashamba.

Nililitazama nilipopewa ruhusa, kisha nikashuka bondeni kwa shangazi.

Shangazi ni dada yake baba. Ana nyumba ya matofali aliyojengewa na baba, chini kidogo ya shamba la kahawa. Mumewe alikuwa mtu wa tambarare, wa upande wa ziwa Jipe, aliyepanda mlimani kununua tangawizi, akaoa, akakaa ukweni. Watu walimcheka kwa hilo, lakini alikaa. Asubuhi moja, mtoto wao wa pekee akiwa bado anabebwa mgongoni, alitoka na kiroba cha tangawizi kwenda gulioni na hakurudi. Ikasemwa amevuka ziwa, yuko Kenya, ana mke mwingine. Huko bombani wanawake wenzake walimwita shangazi mke wa ng'ambo. Alipokuwa kijana walilisema wakicheka. Siku hizi wale waliobaki wanalisema bila kucheka, kama jina tu.

Hakukuwa na matanga, kwa sababu hakukuwa na maiti. Kanisani hakai na wajane. Hakuolewa tena, kwa sababu alikuwa ameolewa.

Nilimkuta anachambua maharage ya makande. Habari ilikuwa imenitangulia.

"Umeyaona meno?" aliuliza, hata sijakaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Rangi gani?"

"Kahawia."

Mtu aliyekulia mlimani, kwenye maji ya chemchemi, ana meno meupe. Maji ya visima vya tambarare huyatia meno rangi tangu utotoni, na haitoki. Shangazi anajua hilo kuliko mimi.

"Hata ya mbele?"

"Hata ya mbele."

Aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe, akatupa harage bovu.

"Watu wa tambarare ni wengi," alisema.

"Ni wengi."

"Tangu asubuhi najaribu kuyakumbuka meno yake. Nakumbuka kofia tu." Alisogeza ungo. "Walilikutaje? Lilikuwa limetupwa?"

"Hapana. Lilikuwa limeoshwa. Limewekwa pamoja na wazee."

Mkono wake ulisimama juu ya maharage.

"Limeoshwa?"

"Ndiyo."

Sikupata swali lingine juu ya hilo, siku ile wala baadaye. Alichosema, baada ya kuinjika sufuria, kilikuwa hiki: "Mimi sitaki kesi. Nataka kujua kama mimi ni mjane. Nikifa mtasimama pale kaburini mtasoma nini? Mke wa nani?"

Binti yake, binamu yangu, ni mwalimu huko Bendera. Alipanda wiki iliyofuata akatoa mate kwenye kijiti cha pamba, polisi wakakifunga pamoja na jino moja la lile fuvu, wakavipeleka maabara Dar es Salaam. Mkaguzi alikuwa muungwana. Alimweleza shangazi kila hatua, na alipomaliza shangazi akamuuliza kama amekula.

Mafuvu manane yalirudishwa kwa ukoo. La tisa lilibaki kituoni Same, ndani ya boksi. Hapo palizuka mjadala wa nani atawarudisha wazee mwambani na kwa namna gani, maana wote wanaohusika ni washarika. Mchungaji alifikiri siku mbili, kisha akasema kuosha tope si dhambi.

"Na kupanga?" babu mdogo alimuuliza.

"Vitu vikioshwa hupangwa," alisema mchungaji. "Hata vyombo."

Mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa alikuwa baba, na baba alishafariki. Kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi, na sikujua hata inaanzia wapi. Baba hakunifundisha. Alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya mwambani hakuyazungumza nyumbani. Jambo moja tu ndilo ninaloweza kuliripoti: njia ya kwenda mwambani alikuwa akiifyeka mwenyewe kila mwaka, ingawa alikuwa na vibarua wa kufyeka kila mahali pengine.

Babu alikaa kwenye jiwe akanielekeza kwa fimbo. Unatumia maji ya mtoni, hutumii sabuni. Unaanza kisogoni. Hulishiki kwa matundu ya macho, hata likiteleza.

"Polepole," alisema. "Huoshi sahani ya hotelini."

"Baba alijua haya yote?"

"Nilimfundisha mimi. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wako."

"Na mwingine nani alijua?"

"Mimi na yeye. Basi."

Vigae tulivikuta vyote tisa palepale kwenye mwamba. Polisi walichukua fuvu, hawakuchukua kigae. Niliwarudisha wazee wanane kwenye vigae vyao, na cha tisa nilikiacha kilivyo kwa sababu babu hakuniambia nikiondoe.

Niliporudi mjini nilimweleza jirani yangu kila kitu, kwa mpangilio, kama nilivyozoea kueleza habari. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sura zangu.

"Hayo meno yasikudanganye," alisema. "Nenda kakae stendi asubuhi, uangalie wanaocheka. Utapata kumi wa meno hayo kabla chai haijapoa."

"Najua."

"Sasa nisikilize. Muuaji akimaliza anaondoka. Huyu alirudi. Alingoja mpaka mwili uishe, akarudi, akachimba, akaosha, akapanga mtu wa tambarare pamoja na wazee wa mlima. Muuaji haoshi."

"Kwenye vitabu anaosha."

"Ndiyo maana nakwambia, vitabu." Alivuta kiti. "Huyo mtu alikuwa anamheshimu."

"Au alikuwa anaogopa."

"Au vyote. Andika hivyo."

"Mhariri hatakubali. Anataka mtu mmoja, sababu moja."

"Basi mwambie mhariri aje kufanya kazi Same." Akafikiri kidogo. "Hiyo kazi ya kuosha, nani alikuwa anaijua?"

"Watu wawili."

"Mmoja yupo?"

"Yupo. Ndiye aliyehesabu majina."

"Na wa pili?"

"Baba yangu."

Alivua miwani akaifuta kwa shuka aliyojitanda, akaivaa tena. Nilisubiri swali linalofuata. Nilikuwa nimeshaliandika mara nyingi kwenye mswada, katika kinywa cha mpelelezi wangu, na nilitaka kusikia mtu wa kazi hiyo angelianzaje.

"Kunywa chai," alisema. "Inapoa."

Riwaya niliimaliza miezi michache baadaye. Mwamba haumo ndani yake. Mhariri alilalamika sana, lakini niliacha muuaji abaki barabara kuu, na nikampa kazi ya mchana: fundi wa matairi karibu na mzani. Anakamatwa, anakiri, na mke wa mmoja wa waliopotea anaambiwa mumewe amelala wapi. Kitabu kilipotoka niliwapelekea nakala wenye duka la vitabu karibu na stendi, na nyingine nikapanda nayo mlimani.

Shangazi anasoma Biblia na magazeti ya kufungia vitu. Alikipima kitabu mkononi.

"Kinene," alisema. "Humu ndani yupo mwanamke aliyepotelewa na mume?"

"Yupo."

"Anaambiwa?"

"Anaambiwa."

"Ukurasa gani?"

Nilimwonyesha. Akanirudishia kitabu nimsomee, kuanzia hapohapo, hakutaka ya mwanzo. Ni ukurasa mmoja na nusu. Mpelelezi anabisha hodi, anaamkia, anavua kofia, anasema. Nilisoma mpaka mwisho wa sura.

"Aliambiwa akiwa amesimama?"

"Amekaa. Nimeandika kwamba alikuwa amekaa kwenye kigoda."

"Vizuri." Alinyoosha kitambaa cha meza. "Hakulia?"

"Sikuandika kama alilia."

"Angelia. Si kwa ajili ya mume, huyo ameshamlilia. Angelilia ile miaka." Kisha akaniambia, kwa sauti ileile: "Jibu la kwangu likija, usije ukalipamba. Nisomee walivyoandika wao."

Nilimuahidi.

Kutoka hapo nilipita kwa babu mdogo. Hasomi siku hizi, macho hayamruhusu, lakini alitaka kukishika. Jalada lina picha ya fuvu, chaguo la mhariri. Babu alilisogeza karibu na uso, akaligeuza kwenye mwanga.

"Huyu ni yupi?"

"Siyo mtu, babu. Limechorwa tu."

"Hana kigae."

"Mchoraji hajui mambo ya vigae."

"Baba yako alikuja kuniomba kigae," alisema.

Nilimuuliza lini. Alisema ni wakati mkewe yuko hai, na bibi huyo alifariki nikiwa shule ya msingi. Bibi alikuwa ameangusha chungu kikubwa cha kupikia makande, kikapasuka vipande viwili. Baba akaja, akaomba kimoja.

"Alisema cha nini?"

"Hakusema. Nilidhani kwenu moto umezimika, anataka cha kupalia." Zamani makaa ya moto yalibebwa hivyo, juu ya kigae, kutoka nyumba hadi nyumba. "Lakini moto hakuchukua."

"Mume wa shangazi alikuwa ameshaondoka wakati huo?"

Babu alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, hakuwa akinikwepa.

"Alikuwa ameshaondoka. Watu walikuwa wameacha kumuulizia."

"Mbona hukumwambia mkaguzi?"

"Mkaguzi aliuliza fuvu la nani. Kigae hakuuliza." Alinirudishia kitabu. "Na baba yako alikuwa mtoto wangu."

Nilimuuliza kama anakumbuka kile kipande cha pili kilikwenda wapi. Aliinua fimbo akaielekeza uani, chini ya mti wa parachichi. Kipo. Ni kigae cheusi, kirefu kama mkono hadi kiwiko, ukingo mmoja umepasuka kwa mkunjo kama wa mto, kimejaa maji, na kuku wanakinywea. Nilichuchumaa nikakitazama, kisha nikaaga.

Ni zaidi ya mwaka sasa. Jibu la maabara halijarudi. Mkaguzi alihamishwa, na aliyemfuata anajibu simu zangu kwa adabu. Shangazi huniuliza kila ninapopanda, nami namwambia halijarudi, na hilo ni kweli. Kigae kimoja bado kiko mwambani, mwisho wa mstari wa wazee, hakina kitu juu yake. Kingine kiko uani kwa babu. Kutoka uani hadi mwambani unaweza kukibeba kwa mkono mmoja bila kupumzika. Hakuna aliyevikutanisha ukingo kwa ukingo.